Radhi Niliyokunyima Jumanne

Mwanangu Hawa,

Hali yako sikuulizi, maana naisikia. Uko chumba cha pili, unapiga vijiti vyako kwenye godoro, na vumbi la ukuta linanidondokea begani. Nimemaliza kuswali alasiri, nimekaa na daftari lako la zamani la hesabu, naandika kwenye kurasa ulizoacha wazi. Utashangaa mtu kumwandikia barua mwanawe aliye hatua kumi kutoka alipo. Nimekuita mara mbili tangu asubuhi ili tuzungumze. Mara ya kwanza nikajikuta nakuuliza ufagio uko wapi. Mara ya pili nikakugombeza kwa ajili ya ndoo. Unaujua mdomo wangu. Ukifunguka, makelele hutangulia, na lile nililokusudia kusema hubaki kooni.

Mambo ya basi, ya chakula cha njiani, ya baridi ya Arusha na ya kushika simu vizuri stendi, shangazi yako Zuhura ameshakueleza mpaka nikatamani kumrudisha kwao. Mimi nina jambo moja. Jumanne, mbele ya bibi yako, nilikwambia kwamba ukitaka kwenda Arusha kupiga hiyo ngoma yenu nenda, lakini radhi yangu huna. Tangu siku hiyo unanipa shikamoo yako asubuhi kama mtu anayepita mbele ya ofisi ya kata, na mimi naitikia marahaba vivyo hivyo. Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi linapita pale barabarani. Sitaki ulipande ukiwa hivyo.

Lakini kwanza niache niyatoe yanayonikera, maana nisipoyaandika hapa yatanitoka kesho mbele ya kondakta.

Mifuniko yangu, Hawa. Sufuria zote za nyumba hii ziko wazi kama zimefiwa. Umeitundika mifuniko kwenye kamba ya nguo, ukaigonga mpaka imekunjamana, na wali wangu siku hizi naufunikia sahani. Ile ndoo kubwa ya rangi aliyoiacha fundi, niliyoitaka kwa maji, umeilaza chini, ukaifungia kandambili mbili kwa mpira wa baiskeli, ukawa unaikanyaga kwa miguu yote miwili tangu saa nne mpaka adhuhuri. Nilikuuliza hicho ni kitu gani ukanijibu, "Mazoezi, Mama." Kandambili moja ilikuwa yangu ya chooni.

Halafu nguo. Jua la Kiswere hili, mtu anavaa nyeusi juu mpaka chini, na fulana ina fuvu linalocheka. Mzee Bakari, jirani yetu, mtu mpole asiyependa kuingilia ya watu, alinisimamisha njiani akaniuliza, "Mama Hawa, binti ana msiba gani huu usiokwisha?" Nikamwambia ni mtindo wa vijana wa chuoni. Akasema, "Alhamdulillahi. Mimi nilidhani ni mume." Nimeishi na aibu ile wiki nzima.

Na siku ya kupulizia mikorosho salfa sitaisahau mpaka nazikwa. Nilikuacha shambani na mashine ya kupulizia mgongoni, nikaenda kuteka maji. Narudi, nakuona kwa mbali umesimama katikati ya mikorosho, mashine inanguruma, uso umejaa unga wa njano, kichwa umekirusha nyuma na mdomo umeuachama wote. Nikasema salfa imemwingia mwanangu. Nilitupa ndoo, nikakimbia mpaka kwa Mzee Bakari kuomba maziwa, nikarudi nayo mbio, nusu imenimwagikia kifuani, nikakukamata kidevu, nikakunywesha kwa nguvu. Kumbe unaimba. Ukanieleza, huku maziwa yanakutoka puani, kwamba ile sauti ya kunguruma kooni inataka mahali penye makelele ili watu wasisikie unapokosea. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi sikucheka. Ndoo ilikuwa imepasuka.

Nikisema hivi usidhani ni muziki wenyewe ulionishtua. Hapo ndipo unaponiudhi zaidi, wewe na yule rafiki yako Neema aliyekuambukiza hii roki mkiwa chuoni Mtwara. Mnajiona mmeanzisha. Umetoboa nyusi ukaja kunionyesha, ukasubiri nianguke. Hawa, bibi yako alizaliwa Rondo, Mmwera. Mwangalie usoni. Chale zile alichanjwa kwa kisu, akapakwa masizi, akiwa mdogo kuliko wewe, na hakulia kwa sababu wenzake walikuwa wanamtazama. Mdomo wake wa juu ulikuwa na tundu la kuvalia ndonya, kipande cha mti upana wa kifuniko cha chupa. Wewe unakuja na kipini cha chuma juu ya jicho, unataka nani azimie?

Wala kwa maneno machafu hamtuwezi. Unajua mama yako ni kungwi, na unajua tunachoimba ndani siku za unyago, milango ikishafungwa na wanaume wakishafukuzwa mpaka barabara kuu. Ulichezwa wewe mwenyewe, ukayasikia yote. Mzee Bakari akiusikia wimbo mmoja tu, atahama na mbuzi wake. Jumamosi nayaimba yale mpaka sauti inakauka, Jumapili najitanda kanga vizuri, naenda kisimani, na nikirudi nakwambia wewe huna adabu. Nilikuwa najua ninachofanya. Nilijiambia kwamba yetu yana mlango na yenu hayana.

Basi, hilo la mlango.

Ulipokwenda likizo kwa kina Neema, mkarekodi wimbo wenu, ukamtumia mwenzako mmoja, naye akamtumia mwenzake. Siku ile nilikuwa nimekaa barabarani na muhogo wangu nasubiri gari. Dereva wa bodaboda, yule mwenye ndevu, akaufungulia kwenye spika yake. Akaniita kwa furaha kabisa, "Mama Hawa, sikia ngoma ya mwanao, ni noma!" Mwanzo nilisikia mashine ya kusaga iliyoingiwa na jiwe. Halafu magitaa yakanyamaza, ikabaki ngoma peke yake, na vidole vyangu vikaanza kucheza juu ya gunia la muhogo kabla mimi sijaelewa kwa nini. Ilikuwa ngoma ya kumtoa mwali. Ile ya siku ya mwisho, inayopigwa ndani tu, ambayo hata baba yako, Mungu amrehemu, miaka yote aliyolala kitanda kimoja na mimi hakuwahi kuisikia. Na pale barabarani walikuwepo wanaume sita, wanatikisa vichwa.

Hukuniuliza, Hawa. Ungeniuliza ningekataa, hilo nalijua na wewe ulilijua. Ungeniuliza hivyo hivyo.

Jumatatu makungwi wakaniita nyumbani kwa Bi Somoe, mkubwa wetu. Tulikaa kwenye mkeka, na bibi yako alikuwepo kwa kuwa naye alikuwa kungwi zamani. Bi Somoe hakupandisha sauti. Alisema, "Siri imetoka nje kupitia nyumba yako. Msimu huu wa unyago, ngoma atashika mwingine." Akaivuta ngoma yangu, ile niliyoiwamba ngozi kwa mkono wangu mwenyewe, akaiweka nyuma yake. Kisha akauliza, "Kabla ya huyu mtoto, kuna mtu aliyewahi kuitoa?" Wakatikisa vichwa wote. Bibi yako akaniangalia. Hakuniangalia kwa ukali wala kwa huruma, alinitazama tu, kama unavyomtazama mtu mnayengojea aanze kula. Mimi nikainama, nikawa nachezea ukili wa mkeka.

Kesho yake ndiyo ile Jumanne. Niliamka na hasira za watu wawili, nikazimwaga zote kwako. Na jibu lako ndilo lililoniuma. Hukuniangalia mimi. Ulimgeukia bibi yako ukasema, "Bibi alikuzuia wewe, na wewe unanizuia mimi. Mmerithishana." Bibi yako akatazama miguu yake. Akanyamaza, kama alivyonyamaza miaka yote.

Sasa nisikilize, na ukifika hapa weka hivyo vijiti chini.

Unaijua hadithi yangu ya bendi, nimeisimulia kwenye nyumba hii mara nyingi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tuko Rondo bado. Msimu wa korosho bendi za dansi zilikuwa zinakuja kusini, na moja ilifikia kijijini kwetu, ikapiga kwenye ghala la korosho, wanamuziki wamekalia magunia. Mpiga tumba wao akashikwa na malaria. Bendi ikanitaka niende nao Masasi mpaka Mtwara, mama yangu akakataa, nikabaki, nikaja kuolewa Kiswere. Hivyo ndivyo nilivyomsimulia baba yako, na wewe, na kila mtu.

Kilichotokea ni hiki. Mimi nilipeleka chakula mchana, tumba limekaa peke yake, wao wanavuta sigara mlangoni. Nikaligusa. Nilikuwa nimetoka kuchezwa miaka michache tu nyuma, na nilikuwa tayari nasaidia kupiga ndani, mikono ilikuwa haijui kitu kingine. Ikapiga ngoma ya kumtoa mwali. Niliinua macho nikakuta wanaume wote wamesimama, hakuna anayevuta. Mkubwa wao akauliza, "Binti, hiyo umefundishwa wapi?" Nikamwambia, "Nimeiota." Akasema, "Iote tena." Nikairudia mwanzo mpaka mwisho, Hawa, na sijawahi kufurahi vile, hata siku niliyokuzaa, na siku ile nilifurahi sana.

Kwa hiyo siri yetu ilitoka kwenye ghala la korosho kabla wewe hujafikiriwa, na aliyeitoa ni mama yako. Na Jumatatu mama yako aliulizwa akachezea mkeka.

Yule mkubwa wa bendi alikuja nyumbani jioni, kofia mkononi, akamwomba bibi yako kwa adabu zote. Bibi yako alikuwa anapepeta mtama. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, halafu akaniuliza mimi, "Unataka?" Nikasema nataka. Akasema, "Basi nenda. Mkono ni wako. Radhi yangu unayo." Alisema hivyo, maneno hayo hayo, na usiku huo akanishonea mfuko wa kubebea nguo.

Asubuhi lori likaja, likapiga honi. Nilikuwa nimejifungia chooni. Liliendelea kupiga honi, mimi nimesimama kule ndani na mfuko mpya begani, naangalia mjusi ukutani. Niliogopa. Niliogopa watu wangesema nini, niliogopa kukosea mbele ya wageni, niliogopa kulala mahali nisipopajua. Lori likaondoka. Nilipotoka, wenzangu walikuwa wamekusanyika uani wananiuliza imekuwaje. Bibi yako alikuwa amesimama pale pale. Nikasema, "Mama amekataa."

Akanisikia. Hakunisuta siku ile, wala siku nyingine yoyote. Alichukua lawama yangu akaitia kibindoni kama mtu aliyepewa kitu amshikie mwenzake. Nami nikaona ni rahisi, nikairudia, mpaka nikaanza kuiamini. Nimemkasirikia mama yangu kwa miaka mingi kwa jambo ambalo hakulifanya. Wewe ukiwa mdogo nilikusimulia nikikusuka nywele, na ukaacha kwenda kukaa mapajani kwake. Aliniambia mara moja tu, "Mtoto hanitaki." Nikamwambia watoto ndivyo walivyo. Hilo ndilo linaloniamsha, Hawa, kuliko ngoma na kuliko Bi Somoe. Nimemnyima yule mzee mjukuu ili mimi nisionekane mwoga.

Na Jumanne nikakwambia lile neno ambalo mama yangu hakuniambia kamwe.

Jana nilikwenda tena kwa Bi Somoe. Sikutaka kwenda. Nilipita kwanza dukani, nikanunua chumvi ambayo hatuhitaji, nikaongea na mwenye duka mpaka akachoka. Kisha nikaenda, nikawaambia wote: ngoma hii niliitoa mimi, ghalani, mbele ya wanaume tisa, tena kwa kurudia. Bi Somoe aliacha kutafuna tambuu. Akasema, "Umekula heshima ya watu miaka yote hii." Nikasema ndiyo. Sitashika ngoma misimu miwili. Nitateka maji na kuchota majivu pamoja na mama za wanaochezwa, na mimi ndiye niliyekuwa nawatuma. Kuhusu wewe alisema, "Mtoto ameokota kilichoanguka. Lakini mwambie maneno asiyaguse." Umesikia? Mdundo umeshatoka, hatuwezi kuukimbiza. Maneno yabaki ndani. Hilo nakuomba, na kuomba kwangu unajua si kwa kawaida.

Leo ulipokwenda kuoga nilichukua simu yako, nikaziba masikio kwa vile vidude, nikausikiliza wimbo wenu wote, mara tatu. Yule anayenguruma sijui anataka nini, na gitaa la pili linasumbua tu. Lakini ngoma nimeisikia, na nakwambia kama kungwi, si kama mama. Unawahi. Pale magitaa yanaponyamaza, mkono wa kulia unatangulia na wa kushoto unasubiri, kwa kuwa ndani mle mwali bado anafungwa kanga na huwezi kumtoa hajafungwa. Wewe umeingiza mkono wa kushoto haraka haraka kama mtu anayeogopa atakatazwa kabla hajamaliza. Nimeujua woga huo tangu pigo la kwanza. Ni wangu, nimekupa mimi bila kukusudia, na nilidhani nimekupa macho tu na hasira. Ukifika huko ipige upya. Subiri. Hakuna mtu atakayekunyang'anya.

Hata hilo la kupiga mayowe nalielewa, usinifanye mjinga. Baba yako alipozikwa, wanawake tuliambiwa tusilie kwa sauti, tukasubiri, tukapokea watu, tukapika. Siku ya nne nilitoroka eda kwenda shambani kuokota kuni, nikakukuta umesimama peke yako mwisho wa mikorosho unanguruma mpaka mishipa ya shingo imesimama. Hukuniona. Nilirudi nyuma polepole. Wiki iliyofuata nilikwenda mahali pale pale, nikajaribu. Ilinitoka sauti ya bata. Lakini nililala siku ile.

Usinirudishie haya mbele ya shangazi yako.

Sasa ya kesho. Ukitoka kuswali, ingia kwanza kwa bibi yako. Usimpe salamu ya mlangoni. Kaa chini, mwambie umesoma barua ya mama yako, kisha umwache afanye anavyotaka. Anaweza kukulilia, anaweza kukufukuza. Nami nilikwenda kwake jana usiku, nikamwomba anisamehe, akaniuliza kama mifuniko imepatikana. Sijui amenisamehe au amechoka, na sina haki ya kumharakisha.

Kwenye begi lako, chini ya sweta, nimeuweka mfuniko wa sufuria ya pilau, ule mkubwa. Nimeusikiliza ukiupiga, ndio wenye sauti nzuri kuliko wote, na haufuniki kitu tena. Zuhura akiuona atasema nimerukwa na akili, kwa hiyo usilifungue begi mbele yake.

Halafu njoo kwangu. Radhi yangu unayo, Hawa. Nimeirudisha hapa kwa mwandiko, kwa kalamu yako mwenyewe, ili ubaki nayo hata mdomo wangu ukiharibu. Nakuwia radhi kwa ulichochukua bila kuuliza, nawe uniwie radhi kwa Jumanne. Lakini nataka pia kukushika kichwa kama inavyostahili, kwa mkono na dua, kabla basi halijapiga honi. Najijua. Nitaiona ile fulana yenye fuvu, na nitaanza kufoka. Nitasema juu ya nyusi, juu ya ndoo, juu ya kandambili ya chooni. Wewe usinyanyue kichwa wala usijibu. Inama hivyo hivyo unisubiri nimalize, mkono unakuja.

Mimi mama yako,
chumba cha pili.